MAISHA YA BWANA ROBERT BAKEWELL, MFUGAJI WA KONDOO WA DISHLEY

Miaka kumi ya Chama chetu imetimia, na katika kitabu hiki cha ukumbusho mwanachama atasoma hesabu za mauzo, majina ya viongozi na taarifa za vyama vya msingi. Pamoja na hayo tumeona vema kuweka habari za maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, wala hakuwa mtu wa nchi hizi, lakini kazi yake yamhusu kila mwanachama afugaye kondoo wa nyama. Mtu huyo ni Bwana Robert Bakewell wa Uingereza. Hatuyaelezi maisha yake kwa ajili ya kumsifu tu, maana alikuwa na kasoro zake, nazo tutazitaja. Twayaeleza kwa sababu yanajibu swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika mikutano ya wafugaji: kondoo mgumu, akuaye upesi na mwenye nyama njema, hupatikana kwa bahati, kwa fedha, au kwa kazi?

Kuzaliwa kwake na kujifunza kwake

Robert Bakewell alizaliwa tarehe 23 Mei, 1725, katika shamba liitwalo Dishley Grange, karibu na mji wa Loughborough, jimbo la Leicestershire, katikati ya Uingereza. Baba yake, ambaye naye aliitwa Robert, hakuwa mwenye ardhi. Alikuwa mpangaji aliyelipa kodi, na shamba alilopanga lilikuwa la eka 440 hivi. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa wako wadhanio kwamba kuboresha mifugo ni kazi ya wenye ardhi yao wenyewe. Bakewell alizaliwa katika nyumba ya mpangaji, na mpangaji alikuwa hata siku ya kufa kwake.

Alipokuwa kijana alisafiri katika sehemu mbalimbali za nchi yake, akitazama mashamba ya watu, malisho yao na wanyama wao. Aliporudi alifanya kazi chini ya baba yake, na baba alipofariki mwaka wa 1760 shamba lote likawa mikononi mwake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 35. Hakuoa, dada yake Hannah ndiye aliyeitunza nyumba.

Kabla ya kuzungumza habari za kondoo wake, hapana budi kutaja malisho yake, kwa maana mnyama mwema hafugwi katika njaa. Bakewell alichimba mifereji na kuyaongoza maji katika majani yake, ili yaote mapema na kwa wingi. Mahali pengine aliacha vipande vidogo bila kuvimwagilia, kando ya vile vilivyopata maji, ili kila mgeni aone tofauti kwa macho yake mwenyewe asihitaji kushawishiwa kwa maneno. Wakati wa baridi ng'ombe wake walikaa mazizini, na samadi yao ikakusanywa yote na kurudishwa shambani. Tena hakupenda wanyama wapigwe wala kutishwa. Wageni walistaajabu kuona fahali wakubwa wa Dishley wakiongozwa na mtoto mwenye kifimbo tu.

Hali ya kondoo katika siku zake

Katika siku hizo kondoo wa Uingereza alifugwa kwanza kwa ajili ya sufu yake na samadi yake. Nyama ilikuwa jambo la mwisho, alipokwisha kuzeeka. Kondoo wa sehemu ile ya Leicestershire walikuwa wakubwa, wenye miguu mirefu na mifupa minene, nao walikawia kunenepa. Ilipasa kuwalisha miaka mitatu au minne kabla ya kuwafikisha kwa mchinjaji. Katika malisho ya pamoja ya vijiji vingi wanyama wa watu wote walichanganyika, madume na majike, na kila dume alipanda apendavyo. Mwana-kondoo akizaliwa, mama yake alijulikana, lakini baba hakujulikana.

Lakini nchi ilikuwa ikibadilika. Miji ilikua, watu wakaacha mashamba kwenda kufanya kazi katika viwanda na machimbo, na watu hao walitaka nyama. Bakewell aliiona haja hiyo mapema. Alimfikiria kondoo kuwa kama chombo cha kugeuza majani kuwa nyama, akajiuliza ni kondoo yupi ageuzaye majani machache kuwa nyama nyingi, kwa muda mfupi, na kuweka uzito wake katika sehemu ambazo mnunuzi huzilipia bei nzuri. Mguu mrefu na mfupa mnene vilikula majani vilevile, lakini sokoni havikuleta fedha.

Njia aliyoifuata

Njia yake ilikuwa na hatua nne, na kila moja yaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutenga madume na majike. Hakuna dume aliyepanda ila yule aliyechaguliwa, na hakupanda ila majike aliopewa. Kwa hiyo katika Dishley kila mwana-kondoo alikuwa na baba anayejulikana. Jambo hili laonekana dogo, lakini bila hilo mengine yote hayawezekani.

Hatua ya pili ilikuwa kuamua kwanza anataka nini, na kutoliacha lengo hilo. Alitaka kondoo mwenye kichwa kidogo, mifupa myembamba, miguu mifupi, kiwiliwili cha mviringo kama pipa, na mgongo mpana. Hakumchagua mnyama kwa ukubwa wake wala kwa uzuri wa uso. Alimpapasa kwa mkono, mgongoni na mbavuni, ajue nyama imekaa wapi. Na hata baada ya kuchinjwa mnyama hakusahauliwa: Bakewell alihifadhi mifupa ya wanyama wake na vipande vya nyama ndani ya maji ya chumvi, ili aweze kulinganisha kizazi kimoja na kingine, na kuona kama mfupa umepungua na mnofu umeongezeka.

Hatua ya tatu ilikuwa kupandisha wanyama wa ukoo mmoja, baba kwa binti na ndugu kwa ndugu, mradi wote wana sifa aliyoitafuta. Watu wengi wa zamani zake waliliogopa jambo hilo. Yeye alithubutu kwa kuwa alitaka sifa njema ikae imara katika damu, wasizaliwe leo wema na kesho wabaya. Lakini mwanachama asiichukue hatua hii peke yake akaacha nyingine. Ukoo mmoja ukipandishwa bila kuchuja kwa ukali, udhaifu uliofichika hujitokeza: wana-kondoo hafifu, majike wasioshika mimba, vifo vingi. Bakewell alikuwa na kundi kubwa, na waliokuwa dhaifu aliwaondoa bila huruma. Mwenye majike kumi hana nafasi hiyo. Kwake yeye ni heri kubadilisha dume kabla dume huyo hajawapanda binti zake.

Hatua ya nne ndiyo iliyomtofautisha na wafugaji wote waliomtangulia. Madume wake aliwakodisha.

Kukodisha madume

Bakewell alipoanza, yapata mwaka wa 1760, alimkodisha dume kwa msimu mmoja kwa fedha isiyofika shilingi 20. Watu walicheka, maana desturi ilikuwa kununua dume kabisa, na nani alipe fedha kwa mnyama ambaye atarudishwa? Kwa miaka mingi bei ilipanda polepole sana. Hata hivyo hakuacha, kwa kuwa kodi yenyewe haikuwa faida yake kubwa.

Faida ilikuwa hii. Dume aliyekodishwa alikwenda katika shamba la mtu mwingine, akapanda majike wengine, penye udongo mwingine na majani mengine. Msimu uliofuata Bakewell aliweza kuwatazama watoto waliozaliwa huko. Dume ambaye watoto wake walikuwa wema katika mashamba mbalimbali, huyo alijulikana kuwa mwema kweli, akarudishwa Dishley kuwapanda majike bora. Dume mzuri wa sura ambaye watoto wake walikuwa wabaya aliondolewa. Hivyo mashamba ya jirani yalikuwa kama mizani ya kuwapimia madume wake. Wataalamu wa siku hizi humpima dume kwa watoto wake, na hutumia hesabu nyingi kufanya hivyo. Mpangaji huyu alifanya vivyo hivyo kwa macho, kwa mkono na kwa subira.

Hatimaye subira hiyo ililipwa. Kondoo wake, walioitwa Leicester wapya, waliweza kufika kwa mchinjaji wakiwa na umri wa miaka miwili, badala ya mitatu au minne. Mfugaji aliyekuwa akipata fedha ya kundi moja sasa alipata karibu ya mawili kwa muda uleule na katika malisho yaleyale. Mwaka wa 1786 madume wa Dishley walileta kodi ya gini 1,000, na kila gini ilikuwa shilingi 21. Mwaka wa 1789 kodi ilifika yapata gini 3,000. Dume mmoja mashuhuri, aliyepewa jina la Two Pounder, alikodishwa kwa mamia ya gini kwa msimu mmoja tu.

Nyumba ya Dishley ikajaa wageni. Walikuja wakulima wa karibu, wakaja na wakuu kutoka nchi za mbali. Mwaka wa 1785 alifika kijana wa Kifaransa, François de La Rochefoucauld, na mwaka huohuo Bakewell alimpeleka farasi wake mweusi wa kukokota mizigo London, Mfalme George wa Tatu akamtazame. Mwenyeji hakubadili mwendo wa nyumba yake kwa ajili ya cheo cha mgeni. Kifungua kinywa kilikuwa saa mbili asubuhi, chakula cha mchana saa saba, cha usiku saa tatu. Na saa nne na nusu alikung'uta kiko chake cha mwisho, ajiandae kulala, awepo mgeni yeyote.

Kasoro zake

Tulisema kwamba tutazitaja kasoro zake, na sasa twatimiza ahadi.

Kwanza, alikazana na jambo moja mno. Kondoo wake walinenepa upesi, lakini mafuta yalizidi, na sufu ikawa duni kuliko ya kondoo wengine. Majike walipungukiwa maziwa, na mapacha wakawa wachache. Mafuta hayo yaliwafaa wafanya kazi ngumu wa machimbo na viwanda, waliohitaji chakula kizito cha bei nafuu. Lakini walaji waliotaka nyama laini yenye mnofu waliwapendelea kondoo wa Southdown, ambao Bwana John Ellman wa Glynde, katika jimbo la Sussex, alikuwa akiwaboresha katika miaka hiyohiyo. Funzo lake ni kwamba mfugaji akivuta kamba moja, nyingine hulegea. Ukali wa kuchagua lazima uangalie pia maziwa ya mama, uzazi wake, na uwezo wake wa kuishi.

Pili, alipenda siri. Wahenga husema siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya Dishley ilijulikana na Bakewell peke yake. Majina ya wanyama aliowatumia mwanzo hakuyatangaza, wala hakuchapisha daftari ya vizazi vyao. Ilisemwa hata kwamba kondoo aliotaka kuwauza kwa kuchinjwa aliwalisha kwanza katika majani yenye maji yaliyotuama, ili washikwe na ugonjwa wa ini, mnunuzi asiweze kuwapandisha. Sehemu ya barua alizomwandikia rafiki na mwanafunzi wake, Bwana George Culley wa Northumberland, zimesalia. Lakini hesabu kamili ya kazi yake haikubaki.

Tatu, alikuwa hodari wa mifugo kuliko wa fedha. Gharama za majaribio na za wageni zilikuwa nzito, na mwaka wa 1776 alifilisika. Hata hivyo alisimama tena, na miaka yake mikubwa ya kukodisha ilikuja baada ya hapo.

Chama cha Dishley

Katika miaka ya 1780 Bakewell na wafugaji wenzake waliokuwa na damu ya kondoo wake waliunda chama, kilichoitwa Chama cha Dishley. Waliwekeana masharti juu ya kukodisha madume, juu ya bei ya chini ambayo mtu asiishushe, na juu ya kulinda usafi wa mbegu yao. Kilikuwa chama cha watu wachache wenye kujiweza, na faida yake haikuvuka mlango wao. Katika hili hakifanani na ushirika kama tuujuavyo, ambao mwenye kondoo watano ana kura moja sawa na mwenye mia tano. Lakini waliyatambua mambo mawili ambayo ushirika wowote wa wafugaji huanza nayo: kwamba mbegu njema yahitaji mikono mingi ili ijaribiwe, na kwamba bila mapatano, mtu mmoja mwenye tamaa aweza kuiharibu kazi ya wengi.

Kufa kwake na urithi wake

Robert Bakewell alifariki tarehe 1 Oktoba, 1795, akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa katika kanisa la Dishley. Kanisa hilo baadaye likawa magofu. Shamba lilishikwa na mpwa wake. Ng'ombe wake wa pembe ndefu, ambao nao walikuwa mashuhuri, hawakudumu katika sifa yao. Walishindwa na ng'ombe wa pembe fupi waliokuzwa na ndugu wawili wa ukoo wa Colling, ambao walikuwa wamejifunza njia za Dishley.

Kondoo wake walikuwa na bahati zaidi. Ndugu wa ukoo wa Culley waliwachukua Northumberland, na kutoka huko ikatokea mbegu ya Border Leicester. Damu ya Leicester iliingizwa pia katika kondoo wa Lincoln. Hao wa Lincoln, walipopandishwa na Merino katika New Zealand na Australia mwishoni mwa karne ya 19, walizaa Corriedale, kondoo ambaye baadaye alikuja kufugwa katika nyanda za juu za Kenya. Naye Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, alitoa mfano wa makundi mawili yaliyotoka kwa kondoo wa Bakewell. Yalitunzwa na wafugaji wawili kwa zaidi ya miaka 50 bila kuingiza damu nyingine, na bado yalikuwa yametofautiana kana kwamba ni mbegu mbili. Hivyo ndivyo mkono wa mchaguzi unavyofanya kazi hata mwenyewe asipokusudia.

Yatupasayo sisi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe ni kweli, lakini kwa kondoo hali ni nyingine: asiyemchagua dume hajawa mfugaji. Tutazame yatendekayo katika vijiji vingi sikukuu zikaribiapo. Mnunuzi huja zizini, naye humtaka mwana-kondoo dume aliyekua upesi kuliko wenzake, mnene, asiye na ugonjwa. Bei yake ni nzuri, naye huuzwa. Anayebaki ni yule aliyedumaa, ambaye hakuna aliyemtaka. Mvua zinyeshapo, huyo aliyebaki ndiye apandaye majike wote. Jambo hili likirudiwa mwaka baada ya mwaka, kundi huwa limechaguliwa kweli, ila limechaguliwa kinyume. Bakewell angeliona hilo angelijua mara moja kwa nini kondoo wa mtu hawakui.

Lakini ziko fikira nyingine za kuepukwa, nazo ni kwamba kila dume wa kigeni ni dawa. Dorper, kondoo wa nyama akuaye upesi, alitengenezwa Afrika Kusini kwa kumpandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wenye kichwa cheusi ambao asili yao ni Usomali. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka wa 1950. Ni kondoo mwema, hasa katika nchi kavu. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha Dorper na kondoo wekundu wa Kimasai huko Diani, pwani ya Kenya, penye joto na unyevu. Wana-kondoo wa Kimasai walistahimili minyoo ya tumbo kuliko wa Dorper, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Uzito mkubwa si faida kwa mnyama asiyefika sokoni akiwa hai. Ugumu wa kondoo wa kienyeji ni mali tuliyorithi, na mwenye kuupoteza kwa haraka ya kupata unene hataununua tena dukani.

Basi, kutoka katika maisha ya mpangaji wa Dishley twapata mambo ambayo kila chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kungoja msaada. Madume wasiotakiwa wahasiwe mapema, nao bado watauzika kwa nyama. Dume bora asiuzwe sikukuu ya kwanza, bali abaki, na bei yake wanachama waichange ili mwenyewe asipate hasara. Dume huyo azunguke katika mazizi ya wanachama, na watoto wake watazamwe katika kila zizi kabla ya kumsifu au kumwondoa. Tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na uzito wa kila mwana-kondoo viandikwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo Bakewell mwenyewe alipowapunguzia waliomfuata.

Yeye alifanya kazi hiyo kwa miaka 35, akaificha, na sehemu kubwa ya maarifa yake ikazikwa pamoja naye. Sisi tuna daftari zilizo wazi mezani, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma. Miaka kumi ya kwanza ya Chama imetufundisha kuuza pamoja. Twawaomba wanachama na viongozi waitumie miaka kumi ijayo kuchagua pamoja, ili siku kitakapoandikwa kitabu kingine cha ukumbusho, ubora wa kondoo wetu uonekane mizanini.